Niasini na Joto la Ngozi: Yampasayo Mtumiaji Kuyajua

Niasini ni vitamini B3. Mwili wa mtu mzima huhitaji kiasi kidogo tu, miligramu 14 kwa siku kwa mwanamke na 16 kwa mwanamume, nacho hupatikana katika karanga, samaki na nyama. Mwaka 1955 iligunduliwa kwamba kiasi kikubwa cha vitamini hiyo hushusha lehemu katika damu, na tangu hapo imetumika pia kama dawa. Kipimo cha tiba huwa miligramu 1,000 hadi 2,000 kwa siku, yaani zaidi ya mara sitini ya mahitaji ya kawaida. Kwa kipimo hicho ni dawa kamili, hata kama kopo lake limeandikwa vitamini.

Athari inayowasumbua watumiaji wengi ni joto la ghafla usoni, shingoni na kifuani, pamoja na kuwashwa na kuchomachoma, mara nyingi ndani ya nusu saa baada ya kumeza. Vitabu husema ngozi hugeuka nyekundu. Kwa msomaji wetu wa Kambarage au Geita wekundu huo huenda usionekane kabisa; atakachohisi ni moto chini ya ngozi. Ni rahisi basi kudhani kwamba malaria imeanza, au kwamba amekula sumu.

Kinachotokea ni kwamba niasini huzichochea seli za ngozi kutoa prostaglandini, kemikali zinazotanua mishipa midogo, na damu nyingi hufika karibu na uso wa ngozi. Huo si mzio. Kwa kawaida hupita baada ya saa moja au mbili, na mwili huizoea hali hiyo baada ya wiki kadhaa. Lakini midomo au ulimi ukivimba, au pumzi ikibana, mgonjwa awahi hospitali bila kungoja.

Tunashauri dawa ianzwe kwa kipimo kidogo, kikiongezwa hatua kwa hatua kama mganga alivyopanga. Imezwe pamoja na chakula, kamwe si kwa tumbo tupu. Ugali na mboga vyafaa, na hata michembe na karanga. Chai au uji wa moto, pilipili, pombe na maji ya moto ya kuoga huzidisha joto hilo, hivyo viepukwe karibu na saa ya dawa. Kwa wachimbaji tunalo neno la pekee: mishipa ikitanuka, shinikizo la damu laweza kushuka na mtu akapata kizunguzungu. Asimeze niasini muda mfupi kabla ya kushuka duarani. Vidonge vinavyoyeyuka polepole humezwa wakati wa kulala, vikiwa vizima bila kupondwa. Na aamkaye usiku akae kwanza kitandani kabla ya kusimama.

Aspirini ikimezwa nusu saa kabla ya niasini huzuia prostaglandini hizo na kupunguza joto. Hata hivyo si ya kujinunulia tu. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu inayochochewa na aspirini, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aweza kudhurika vibaya. Aulize kwanza.

Mtego mkubwa zaidi ni makopo yanayodai kuwa na niasini isiyoleta joto. Mengine yana nikotinamaidi, ambayo kweli haichomi ngozi, lakini haishushi lehemu. Mengine hutoa niasini polepole mno, na aina hizo zimehusishwa na madhara ya ini. Kwa hiyo mtu asibadilishe aina moja kwa nyingine kwa kulinganisha miligramu pekee. Akiona macho ya njano, mkojo mweusi au kichefuchefu kisichoisha, aache dawa na kwenda kupimwa. Na aliyekosa dozi kwa siku kadhaa asirejee kipimo chake kikubwa, kwani mwili umesahau. Amwone mganga aanze upya chini.

Kabla ya kuvumilia yote hayo, liko swali la haki kumwuliza daktari: je, bado naihitaji? Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wenye washiriki zaidi ya 25,000 wa Ulaya na China waliokuwa tayari wakitumia statini, ulionyesha kwamba kuongeza niasini, iliyochanganywa na dawa ya kupunguza joto hilo, hakukupunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi, bali kuliongeza kisukari na kutoka damu. Siku hizi statini, kama vile atovastatini, ndizo hutangulizwa. Mwenye kisukari au jongo ana sababu zaidi ya kuuliza, maana niasini hupandisha sukari na asidi ya yuriki.

Uendapo kliniki au duka la dawa muhimu, chukua kopo lenyewe, si jina ulilolikariri. Onyesha pia dawa nyingine zote unazotumia, zikiwemo za miti shamba. Athari yoyote isiyo ya kawaida mweleze mtoa huduma, naye ataiwasilisha kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.