Usukani Mzito: Neno la Jahazi katika Gereji za Mombasa

Neno "usukani" lilifika Mombasa kwa njia ya bahari. Asili yake ni Kiarabu, na kwa mabaharia wa Bandari ya Kale lina maana mahususi: ni ule ubao mpana wa tezini ambao, ukiwa majini, hukigeuza chombo. Mkono wa mwenye kuongoza haugusi ubao huo. Hushika kana, au, katika majahazi makubwa ya Ghuba, gurudumu lililounganishwa na usukani kwa kamba au minyororo. Magari yalipoingia pwani, neno hili lilihama. Usukani wa gari leo ni lile duara lililo mkononi mwa dereva. Jina limepanda kutoka kwa kile kinachogeuza hadi kwa kile kinachoshikwa, na vilivyobaki chini vikakosa jina la Kiswahili.

Upanuzi wa maana aghalabu husifiwa na wanaisimu kuwa njia nyepesi ya kuunda istilahi. Makala hii inaonyesha kwamba katika gereji wepesi huo una gharama. Mwenye gari akisema "usukani umeharibika", kasoro ni nadra kuwa katika duara lile. Huenda iko katika pampu, mkanda, mipira ya oili, reki, au hata katika upepo wa tairi. Fundi asiyeuliza maswali hubadilisha pampu nzima kwa kosa la mkanda uliolegea, na mteja hulipa.

Suala hili linahusu hasa magari makubwa yaendayo barabara na nyika, kama vile Toyota Prado na Mitsubishi Pajero, ambayo mengi huteremshwa Kilindini yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Uzito wa magari hayo na upana wa tairi zake hufanya usukani usio na msaada kuwa adhabu. Mfumo wa kumsaidia dereva kwa nguvu ya oili uliingia katika magari ya abiria yaliyouzwa madukani mwaka 1951, kupitia kampuni ya Chrysler ya Marekani. Pampu inayozungushwa na injini husukuma oili kwa shinikizo kubwa hadi kwenye reki, nayo oili husukuma upande ambao dereva ameelekeza.

Mfumo huo uitweje? Tafsiri ya neno kwa neno ingekuwa "usukani wa nguvu". Istilahi hiyo ni mbaya. Mzungumzaji wa kawaida wa Mombasa akiisikia ataelewa usukani unaohitaji nguvu, yaani kinyume kabisa cha kilichokusudiwa. "Usukani saidiwa" ni bora zaidi, kwa kuwa kitenzi "saidia" hubainisha kazi ya pampu: haiongozi gari, inamsaidia anayeongoza. Ndiyo maana injini ikizimika katika mteremko wa kuelekea feri ya Likoni, gari bado hugeuka, ila kwa mikono miwili na jasho.

Mji wa Kale ni mahali pazuri pa kuugundua ugonjwa huu. (Barabara ya Ndia Kuu, kwa njia, imehifadhi katika jina lake "ndia" ya Kimvita, ambayo katika Kiswahili sanifu ni "njia".) Msaada wa oili huhitajika zaidi gari linapokwenda polepole au kuegeshwa, na vichochoro vya huko humlazimu dereva kukata kona hadi mwisho wa usukani. Gari lililoonekana zima kwenye daraja la Nyali huja kulalamika hapo. Isitoshe, kuushikilia usukani ukiwa umefika mwisho huitesa pampu na kuipasha oili moto. Haifai kuzidisha sekunde chache.

Kiswahili kinapokosa nomino za vipuri, kina utajiri wa vitenzi, na humo ndimo uchunguzi hufanyika. Mkanda uliolegea au kuchakaa "hupiga mluzi". Pampu yenye upungufu wa oili au iliyoingiwa na hewa "huguna", na oili yake huonekana na povu. Kiungo kilicholika "hugonga" gari likipita shimoni. Usukani "unaocheza" kabla magurudumu hayajageuka hauna haja ya oili. Viungo vya mwisho vya reki ndivyo vinavyostahili kutazamwa. Fundi mwema humtaka mteja achague kitenzi kabla ya kushika spana.

Baada ya hapo hupima upepo wa tairi, kwa kuwa tairi laini pekee zaweza kuufanya usukani uwe mzito. Hutazama kiwango cha oili, kisha hutafuta inakovujia. Karatasi ngumu iliyotandikwa chini ya gari usiku hutoa ushahidi asubuhi. Hewa ya chumvi ya kisiwani hula mabomba ya chuma, kwa hiyo hayo hayasahauliki. Mipira inayofunika ncha za reki ikikutwa imejaa oili, sili za ndani zimekufa. Ikiwa magurudumu ya mbele yameinuliwa juu ya vigingi imara, injini imezimwa, na usukani bado unakataa kuzunguka, basi kasoro ni ya viungo au reki yenyewe na pampu haina hatia.

Pampu iliyosagika huacha vumbi la chuma katika oili. Kufunga mpya bila kuusafisha mfumo mzima ni kuipeleka kaburini, pamoja na reki. Oili iwe ya aina iliyoandikwa na mtengenezaji, si yoyote iliyo rafuni. Hewa hutolewa injini ikiwa imezimwa na magurudumu yameinuliwa: usukani huzungushwa taratibu kutoka mwisho hadi mwisho mara kadhaa, huku oili ikiongezwa, mpaka povu likome.

Haya yote vijana wa gereji hujifunza kwa Kiswahili, kwa kutazama na kusikiliza. Vyuo vya ufundi vya Kenya hufundisha na kutahini kwa Kiingereza, licha ya Katiba ya 2010 kukifanya Kiswahili lugha rasmi. Kijana anayeweza kutofautisha mguno na mluzi hukosa alama kwa sababu mtihani haumuulizi kwa vitenzi vyake.

Magari mapya zaidi yanaongeza tatizo jingine la istilahi. Mengi hayana pampu wala oili. Mota ya umeme ndiyo inayosaidia, na kasoro huashiriwa na taa kwenye dashibodi. Hayagugumi wala hayavuji. Mteja bado husema "usukani mzito", lakini fundi huanza na betri na fyuzi.