Karatasi ya Kidato cha Pili

Ukiwauliza wanachuo walichaguaje tahasusi, wengi wataanzia kidato cha nne, siku ya kujaza selform. Wengine watasema hapana, ni baada ya matokeo, pale TAMISEMI wanapofungua mfumo ili mtu abadilishe. Mimi nadhani siku hizo zote mbili tunakuwa tumeshachelewa.

Yangu iliamuliwa Januari 2018, tukiingia kidato cha tatu, kwa muda wa kama dakika tano. Mwalimu wa darasa alipitisha karatasi: wanaoendelea na Fizikia na Kemia waandike majina. Kemia hatukuwa na mwalimu tangu katikati ya kidato cha pili. Rafiki zangu hawakuandika, nami sikuandika. Hakuna aliyeniuliza nataka kuwa nani. Wangeniuliza ningesema nesi, kama mamdogo wangu, kisha ningepitisha karatasi vilevile, kwa sababu kichwani mwangu vitu hivyo viwili havikuwa na uhusiano. Nilidhani kemia ya uuguzi unafundishwa hukohuko chuoni!

Nikafanya HGL, nikafaulu vizuri, na sasa niko mwaka wa tatu wa ualimu. Msinionee huruma, naipenda kazi hii. Ila niliipenda baada ya kufika, sikuichagua.

Mwaka jana, 2024, tulipokwenda mazoezi ya ufundishaji, nilipangiwa kidato cha pili, Historia na Kiingereza. Siku moja baada ya kipindi binti mmoja akanifuata ofisini. "Shikamoo madamu. Eti nikiacha Kemia nitaweza kusomea famasia?" Nilimwambia arudi kesho. Ukweli ni kwamba nilitaka kwanza kusoma, maana mwaka 2022 niliufungua mwongozo wa udahili wa TCU mara moja tu, siku ya kuomba chuo.

Usiku ule niliusoma kinyumenyume, yaani nikaanza na kozi, nikarudi kwenye tahasusi, nikashuka mpaka kidato cha tatu. Udaktari unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu. Kwa hiyo aliyesoma CBG, hata akiwa na A tatu, pale haingii. Si kwamba CBG ni mbaya, inafungua kilimo, mazingira na ualimu wa sayansi, lakini nimekutana na watu wawili hapahapa chuoni waliochaguliwa CBG wakidhani ni PCB yenye Jiografia badala ya Fizikia na kwamba mwisho wake ni uleule. Uhandisi wa ujenzi unasimama juu ya Fizikia na Hisabati. Sheria ndiyo yenye huruma, inapokea watu kutoka tahasusi nyingi.

Halafu kuna hesabu ambayo shuleni hatufundishwi. Sisi tunahesabu divisheni, ambapo pointi chache ndiyo sifa. Chuo kinahesabu kwa kugeuza: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4.0, tena katika masomo yanayohusika na kozi unayoomba. Sasa chukua mtu wa PCM mwenye E tatu. Kwa NECTA hizo ni pointi 15, divisheni ya tatu, nyumbani wanachinja kuku. Kwa chuo, E mbili ni pointi 2, hana sifa ya shahada. Mwenye D mbili na S moja naye ana divisheni ya tatu, pointi 14, ila yeye pointi zake 4 anazo. Karibu cheti kilekile, safari mbili tofauti kabisa.

Hapo ndipo ushauri wa "soma sayansi, ndiyo yenye ajira" unaponitia wasiwasi. Mtoto anasukumwa PCM shule isiyo na maabara, anatoka na E tatu, wakati HGE ingempa C mbili na mlango wa shahada. Mlango wenye jina kubwa usioweza kuupita haukusaidii kitu.

Lakini binti yangu hakuwa ameuliza kuhusu kidato cha tano. Aliuliza kuhusu karatasi, ileile iliyopita mbele yangu. Na shule ile, kama yangu, ilikuwa na mwalimu mmoja wa Kemia kwa kidato cha kwanza mpaka cha nne. Ningemwambia aendelee, naye apate D au F, nani angebeba lawama? Mimi ningekuwa nimesharudi chuo kula bumu.

Kilichonisaidia ni jambo moja dogo. Stashahada nyingi za afya, zile ambazo mtu anaingia kwa matokeo ya kidato cha nne, zinataka ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia, na D ni ufaulu. Ukimaliza stashahada na GPA isiyopungua 3.0 unaweza kuomba shahada. Yaani D ya Kemia bado ina njia, ndefu kidogo. Ambaye hakuifanya kabisa ndiye hana. Mimi nina B ya Baiolojia na mahali pa Kemia pako wazi.

Kesho yake nilimweleza hivyo, bila kumwahidi chochote. Nikamchorea hesabu ya pointi nyuma ya daftari. Akauliza, "Na Hisabati je?" Nikamwambia hiyo asiiache hata kwa fimbo, kuna kozi zinarudi kuangalia Hisabati yako ya kidato cha nne hata kama kidato cha sita hukuisoma.

Sasa yuko kidato cha tatu, ameendelea na Kemia. Muhula wa kwanza alipata 38. Alinitumia ujumbe kwa simu ya mama yake: "Madamu, hiyo ni D?" Nikamjibu ndiyo, D inaanzia 30. Kwa wanaokwenda mazoezini Julai: mwongozo wa TCU unapatikana bure kwenye tovuti yao. Chapeni kurasa chache, mzibandike ofisini chini ya ratiba, kidato cha pili wanapita hapo.