Usilipie programu ya kukusanya namba za wateja kabla hujasoma hapa

Swali ninaloulizwa sana inbox: "Kuna programu gani ya kukusanya namba za maduka ya Kahama na Geita kwa mkupuo?"

Zipo. Ni programu ndogo unazoongeza kwenye Chrome. Unatafuta maduka kwenye Google Maps, unabonyeza, inakutolea faili lenye jina, namba na mahali. Nyingi zinakuonjesha bure, halafu zinadai dola kila mwezi. Mimi nauza vifungashio jumla hapa Tinde, na sioni haja ya muuzaji mdogo kuzilipia. Sababu ni hizi:

1. Zinachota kilichopo kwenye ramani tu. Duka linalouza vizuri Kakola au Katoro linaweza lisiwepo kabisa. Namba yake iko kwenye bango la nje au Instagram.
2. Google wenyewe wanakataza kwenye masharti yao.
3. Namba hazijahakikiwa. Laini ikikaa bila kutumika hupewa mtu mwingine. Unamwandikia mwenye hardware, anapokea mwanafunzi.

Na wale wanaouza "namba 5,000 za wafanyabiashara", achana nao. Ukitumia watu wasiokujua matangazo wakakuripoti, WhatsApp wanaweza kufungia namba yako. Hapo umepoteza na wateja wako wa zamani, maana wote wako kwenye laini hiyo hiyo.

Fanya hivi, ni bure:

• Chagua mji mmoja na aina moja ya duka. Tafuta kwa majina yote: "duka la dawa Kahama", kisha "pharmacy Kahama". Majibu hayafanani.
• Fungua Google Sheets. Safu tano zinatosha: jina, namba, mahali, umeipata wapi, amejibu nini.
• Andika namba kwa kuanza na 255. Ukianza na 0, Sheets inaimeza hiyo sifuri.
• Ongeza za Facebook, Instagram na mabango. Ukipita Kahama kuchukua mzigo, piga picha mabango, ujaze jioni.
• Ukimaliza, badili vichwa vya safu za jina na namba viwe kama vya kiolezo cha Google Contacts, shusha faili kama CSV, lipakie huko. Namba zote zinaingia kwenye simu bila kusevu moja moja.

Sasa piga au andika kwa mmoja mmoja: "Habari, naitwa fulani, nauza vifungashio Tinde. Namba yako nimeiona Google. Naweza kukutumia bei?" Akikubali, mwombe asevu namba yako. Hii ni muhimu, kwa sababu orodha ya matangazo ya WhatsApp inamfikia tu aliyekusevu. Akikataa, andika "hapana" kwenye safu yake na usimrudie. Hapa si adabu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kukwambia uache kumtumia matangazo.

Kumi kwa siku, siku tano, ni maduka 50. Wakikubali 15 tu, hao wanajua jina lako na mzigo wako, na basi la Kahama likipita Tinde una wa kumtumia. Faili la namba 5,000 halikupi hilo.

Anza leo na mji mmoja. Kazi njema.