Shirika likiondoka, kijiji kinabaki na nini?

Katika vijiji vya mkoa wa Lualaba wageni wa aina mbili wanazidi kufika. Wa kwanza wanatafuta madini. Wa pili wanakuja kuwasaidia wanavijiji kwa sababu ya wale wa kwanza: mashirika ya sheria, ya kilimo, ya mazingira, ya haki za binadamu. Sisi ni wa aina hii ya pili. Katika somo hili tunataka kueleza mashirika kama yetu yanaweza kufanya nini kwa jamii ya vijijini, yasifanye nini, na maswali gani kijiji kiyaulize kabla ya kuyafungulia mlango.

Somo hili linaweza kutumiwa na kamati ya kijiji, kikundi cha wanawake, parokia au ushirika wa wachimbaji wadogo. Lisomwe kwa sauti, sehemu moja moja, na watu wajadiliane.

Kisenge inatufundisha nini?

Kisenge iko magharibi ya Kolwezi, upande wa Dilolo na mpaka wa Angola. Tangu wakati wa ukoloni wa Wabelgiji ilijulikana kwa madini ya manganizi. Madini yalipakiwa kwenye treni, yakapita Angola kwa reli ya Benguela mpaka bandari ya Lobito. Kama ilivyokuwa katika miji mingine ya migodi ya Katanga, kampuni ilikuwa kama baba: mshahara, nyumba, shule na matibabu vilitoka mlango mmoja.

Mwaka 1975 vita vya Angola vilifunga njia hiyo ya reli. Machi 1977 wapiganaji waliotoka Angola waliingia Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule, na Kisenge ilikuwa kati ya sehemu walizozishika. Mgodi haukuhamishwa na manganizi haikuisha ardhini, lakini treni iliposimama, maisha yaliyofungwa kwenye treni hiyo yalisimama pia. Aliyekuwa na shamba alirudi shambani. Asiyekuwa nalo alihama, au alianza upya uzeeni.

Sasa jina la Kisenge linasikika tena. Mwaka 2015 reli ya upande wa Angola ilifunguliwa tena mpaka Luau, mpakani mwa Kongo. Machi 2018 treni ya manganizi kutoka Kongo ilifika Lobito baada ya miaka mingi. Tangu 2023 serikali za Afrika, Marekani na Ulaya zinazungumza sana juu ya ushoroba wa Lobito. Vijana wanauliza: kazi zitarudi lini? Ni swali la haki. Lakini wazee waliouona mwaka 1975 wanalo la pili: zikirudi, tutajifunga tena kwa kamba moja?

Swali hilo la pili linayahusu mashirika pia. Shirika linaloleta kila kitu, linaloamua kila kitu na kusema kwa niaba ya kila mtu, linakuwa baba mpya. Mradi wake ukiisha, kijiji kinabaki kama Kisenge ilivyobaki.

Wasaidizi wa aina mbalimbali

Si kila shirika linafanya kazi moja. Ni vizuri kuyatofautisha ili kijiji kisiombe dawa kwa fundi wa baiskeli.

- *Mashirika ya sheria na uangalizi.* Haya yanaeleza sheria, yanafuatilia fedha za madini na kuwasindikiza wanaodai fidia. AFREWATCH ya Lubumbashi na IBGDH ya Kolwezi zinajulikana kwa kazi ya namna hiyo.
- *Mashirika ya mazingira.* Yanashughulika na maji, udongo na msitu wa miombo. PremiCongo ni mfano mmoja.
- *Mashirika ya maisha ya familia.* Yanasaidia kilimo, elimu ya watoto na kipato cha wanawake. Masista wa Bon Pasteur wanafanya kazi hiyo Kolwezi tangu 2012, kati ya familia zinazoishi kwa uchimbaji.
- *Ushirika.* Huu si shirika la msaada. Ni mali ya wanachama wenyewe, na kazi yake ni kuzalisha na kuuza pamoja. Tangu Kanuni ya Madini ya 2018, mchimbaji mdogo anatakiwa kuwa ndani ya ushirika unaotambuliwa.
- *Idara za Serikali.* SAEMAPE, kwa mfano, ina kazi ya kuwasindikiza wachimbaji wadogo. Shirika halichukui nafasi ya Serikali. Linamsaidia mwananchi kujua mlango upi abishe.

Shirika lisilo la faida linaongozwa na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Kwa hiyo kijiji kina haki ya kuuliza: karatasi zenu ziko wapi?

Zoezi: maharage 20

Ugomvi mwingi tunaoukuta unatokana na fedha ambazo watu wamezisikia lakini hawajui njia yake. Mmoja anasema chifu amekula. Mwingine anasema kampuni haijalipa. Wa tatu anasema mashirika yamechukua. Zoezi hili dogo linasaidia.

Chukua maharage 20. Hayo ni mrabaha wa madini, yaani malipo ambayo kampuni inatoa kwa madini inayouza. Yagawanye mbele ya watu kama Kanuni ya Madini ya 2018 inavyosema:

- maharage 10 kwa Serikali kuu (asilimia 50)
- maharage 5 kwa mkoa (asilimia 25)
- maharage 3 kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo, yaani sekta, utawala wa chifu, komini au mji (asilimia 15)
- maharage 2 kwa mfuko wa madini kwa ajili ya vizazi vijavyo (asilimia 10).

Sasa uliza: ni maharage gani yaliyo karibu nasi? Watu wataonyesha yale 3. Uliza tena: nani kati yetu amewahi kuona bajeti ya sekta yetu? Hapo mazungumzo yanabadilika. Tuhuma zinageuka kuwa maswali, na swali linaweza kupelekwa ofisini kwa barua.

Usichanganye fedha tatu

Mrabaha ni njia ya kwanza. Unakwenda kwa mamlaka, na mamlaka ndizo zinazotakiwa kueleza matumizi yake.

Njia ya pili ni mchango wa maendeleo ya jamii. Sheria inadai kampuni inayochimba itenge si chini ya asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya jamii zinazozunguka mgodi. Mchango huu unasimamiwa na chombo chenye wajumbe wa kampuni na wa jamii. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: wajumbe wetu ni nani, na waliteuliwaje?

Njia ya tatu ni daftari la masharti. Kwenye karatasi utaliona kwa jina la Kifaransa, *cahier des charges*. Ni mapatano ya maandishi kati ya kampuni na jamii: barabara ipi, kisima kipi, zahanati ipi, na kwa muda gani. Ahadi iliyosemwa kwenye sherehe bila kuandikwa humo ni vigumu kuidai.

Fidia ya shamba ni jambo jingine tena. Madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya Serikali, lakini mihogo iliyo juu ina mwenyewe, na anayeharibiwa shamba anastahili kulipwa. Fidia ni ya aliyepoteza. Isigeuzwe kuwa kisima cha kijiji kizima, na kisima kisihesabiwe kuwa fidia.

Msitu nao una mlango wake

Watu wakisikia madini wanasahau msitu. Lakini makala, asali, uyoga, viwavi na dawa vinalisha nyumba nyingi kila mwezi, mgodi uwepo usiwepo. Kanuni ya Misitu ya 2002 na amri ya Agosti 2014 zinaruhusu jamii kuomba msitu wake wa jamii, usiozidi hekta 50,000, na kuusimamia yenyewe. Maombi yanahitaji ramani, mikutano na makubaliano ya majirani juu ya mipaka. Hapa shirika lenye ujuzi wa ramani ni msaada mkubwa. Lakini anayejua mto upi ni mpaka na kaburi la nani liko wapi ni mwanakijiji.

Wenzetu wa Tanzania

Mifano miwili ya Tanzania inaonyesha kazi hii ikifanyika vizuri. Sheria zao si zetu, lakini njia waliyopita inafundisha.

Wilayani Kilwa, shirika la MCDI lilivisaidia vijiji kupima misitu yao na kuweka kanuni za uvunaji. Mwaka 2009 kazi hiyo ilipata cheti cha FSC, kinachothibitisha kuwa mbao zimevunwa bila kuharibu msitu. Kijiji kama Kikole kikaweza kuuza miti yake chenyewe, hasa mpingo, na mapato yakaingia kijijini badala ya kuishia kwa wafanyabiashara.

Kaskazini, katika bonde la Yaeda, shirika la UCRT liliwasaidia Wahadzabe. Hawa ni watu wanaoishi kwa kuwinda, kukusanya matunda na kurina asali, na ardhi yao ilikuwa ikimegwa. Mwaka 2011 walipata hatimiliki ya kimila, si kwa mtu mmoja mmoja bali kwa jamii nzima.

Katika mifano yote miwili shirika halikuandikwa kuwa mwenye msitu wala mwenye ardhi. Karatasi yenye nguvu ilibaki mikononi mwa jamii. Hicho ndicho kipimo tunachokipendekeza.

Msaada unaweza kuleta ugomvi

Tuseme wazi: shirika linaweza kuingia kijijini kwa nia njema na kuacha moto nyuma yake. Kuna sehemu tatu za kuangalia.

*Kamati.* Kamati ikichaguliwa kwa haraka, mara nyingi inajaa jamaa wa chifu na wanaume wanaojua Kifaransa. Wanawake wanaolima na vijana wanaochimba wanabaki nje, na ndio watakaoukataa mkataba kesho.

*Mpaka.* Yale maharage 3 yanaweza kuwagombanisha machifu wawili ambao zamani hawakujali kilima kiko upande gani. Mazungumzo ya mpaka yafanyike kabla fedha hazijafika, pamoja na wazee wa pande zote na msimamizi wa teritwari.

*Wageni.* Mgodi unavuta watu kutoka mbali. Lualaba na Katanga tunakumbuka 1992 na 1993, pale wenzetu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi, wengine wakifa njiani na kwenye vituo vya treni. Walikuwa majirani na wafanyakazi wenzetu. Wanasiasa waliwasha, na njaa ya kazi ikawa kuni. Shirika likiorodhesha walengwa kwa kuwagawa wenyeji na waliokuja, linarudisha kuni hizo jikoni. Orodha ifuate hasara na mahitaji, si kabila.

Maswali ya kuliuliza shirika kabla ya kulipokea

1. Mmesajiliwa wapi, na fedha za mradi huu zinatoka kwa nani? Je, zinatoka kwa kampuni tunayotaka kujadiliana nayo?
2. Mradi unaisha lini? Siku hiyo tutakuwa na nini mikononi: ramani, hati, watu waliofundishwa?
3. Nani atazungumza mezani, ninyi au sisi?
4. Nakala za ripoti mnazoandika juu yetu zitasomwa hapa, kwa lugha tunayoielewa?
5. Tukiwa na malalamiko juu ya mfanyakazi wenu, tumwendee nani?
6. Mkikuta hatukubaliani sisi kwa sisi, mtasubiri?

Shirika zuri halichukii maswali haya. Linalochukia limejijibu lenyewe.

Kijiji nacho kina wajibu. Kiweke daftari moja la mikutano, lenye tarehe, majina na yaliyoamuliwa. Nakala za barua zitunzwe sehemu mbili tofauti. Watu wasije mkutanoni kwa ajili ya posho tu, maana mkutano wa posho unakufa siku posho inapokufa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini mwenyeji anapona kweli pale anapoweza kuandika barua yake mwenyewe, kusoma mkataba wake na kumkumbusha chifu, kampuni na Serikali kila mmoja neno lake, hata gari la shirika lisiporudi tena. Treni inayotarajiwa Kisenge ikipita mara nyingi zaidi, ipite katika vijiji vinavyojua kuhesabu maharage yao.

Maswali ya majadiliano

- Taja mashirika yaliyofika kwetu katika miaka 10 iliyopita. Kila moja limeacha nini ambacho bado kinafanya kazi?
- Kati ya mrabaha, mchango wa asilimia 0.3, daftari la masharti na fidia, ni kipi hatujawahi kukiulizia? Tuanzie ofisi gani?
- Nani hayumo katika kamati yetu? Kwa nini?
- Mgodi ukifungwa kesho kama reli ilivyofungwa 1975, tutaishi kwa nini? Tuanze lipi kati ya hayo mwaka huu?