Dondoo muhimu: Intaneti ya nyumbani ikigoma

Kabla ya kumwita fundi, fuata hatua hizi kwa mpangilio.

• Jaribu kifaa kingine. Simu ikipata mtandao na kompyuta ikakosa, tatizo liko kwenye kompyuta. Vyote vikikosa, kagua ruta na kifurushi chako.

• Chomoa ruta kwenye umeme, subiri sekunde 30, kisha irudishe. Usibonyeze kitufe cha Reset. Kinafuta mipangilio yote.

• Kwa wenye faiba, tazama taa ya LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: huenda waya umekatika, umekunjwa au umelegea. Usichungulie ncha yake. Mwanga huo hauonekani na unaweza kudhuru jicho.

• Waifai ipo lakini tovuti zinakataa kufunguka? Kagua tarehe na saa ya kompyuta, maana zikikosewa tovuti nyingi hukataa.

• Masafa ya Waifai ya GHz 5 yana kasi, ila kuta huyadhoofisha upesi. Kwa chumba cha mbali, tumia GHz 2.4.

• Weka ruta mahali pa juu, katikati ya nyumba, mbali na maikrowevu.

Bado inagoma? Mweleze mtoa huduma taa zipi zinawaka na hatua ulizojaribu. Utahudumiwa haraka zaidi.