Cheza Naye Ukiwa Unachambua Mchele

Mtoto wa miezi mitano amelala chali kwenye mkeka. Anatoa sauti: "Aguu!" Mama yake, ungo wa mchele mapajani, anamgeukia: "Ehee, niambie mwanangu, ikawaje?" Mtoto ananyamaza, anautazama mdomo wa mama, kisha anajibu tena kwa nguvu zaidi. Huo tayari ni mchezo, na hakuna kilichonunuliwa.

Kichwani mwa mtoto huyo kuna kazi kubwa inayoendelea. Katika miaka ya mwanzo ya maisha, viunganisho vipya kati ya seli za ubongo hujengeka kwa kasi ya zaidi ya milioni 1 kwa sekunde. Ni kama vijia vya shambani: kinachopitwa kila siku hubaki wazi, kinachoachwa huota nyasi. Kila mara mtoto anapoita akaitikiwa, anaponyoosha kidole ukamtajia alichokiona, kijia kimepitwa.

Kwa hiyo mzazi, usihangaike na midoli ya dukani. Mtoto anakuhitaji wewe unayemjibu.

Je, michezo hii inaleta tofauti kweli?

Katika miaka ya 1980, mjini Kingston, Jamaika, watafiti walifuatilia watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi ya familia zilitembelewa na wahudumu wa afya wa jamii saa 1 kila wiki kwa miaka 2. Wahudumu waliwaonyesha akina mama namna ya kucheza na kuzungumza na watoto, wakitumia vifaa vilivyotengenezwa kwa vitu vya kawaida. Miaka 20 baadaye, watoto hao walikuwa wakipata kipato cha juu kwa takribani asilimia 25 kuliko wenzao wasiopata mafunzo hayo. Chakula na chanjo havina mbadala, lakini mchezo nao ni sehemu ya malezi. Ndiyo maana programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto, iliyozinduliwa Tanzania mwaka 2021, imeweka malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali pamoja na afya, lishe na usalama.

Wapi pa kupata muda?

Ndani ya kazi unazofanya kila siku. Unapomwogesha mtoto mchanga, mtajie viungo vyake: "Mkono huo! Na mguu uko wapi?" Zungumza lugha unayoimudu zaidi, iwe Kisukuma, Kihaya au Kiswahili, maana ndiyo yenye maneno mengi na utani.

Akikaribia miezi minane, jifunike uso kwa kanga, kisha jifunue. Mwiko nao ufiche chini ya bakuli na umwache autafute. Anajifunza kwamba kitu kisichoonekana bado kipo, na ndiyo sababu atacheka mara ya kumi kama alivyocheka ya kwanza. Rudia. Wewe utachoka kabla yake.

Akianza kutembea, mpe sufuria na mfuniko apige ngoma, kisha piga naye kwa zamu. Unapoanua nguo, muulize: "Hili shati la nani?" Kutenganisha nguo za baba na zake ni hesabu yake ya mwanzo. Akifika miaka mitatu, fungua naye duka la mchanga na majani, umwachie yeye apange bei. Jioni ni zamu ya bibi na hadithi. Baba naye asisubiri mtoto akue: kumbeba mabegani akimtajia wanayoyaona njiani kunatosha.

Simu haiwezi kazi hii, kwa kuwa haimsubiri mtoto ajibu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiyefikisha miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini kabisa. Kuanzia miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku.

Usalama

Vizibo vya soda, sarafu, karanga, betri ndogo za duara na mifuko ya plastiki viwe mbali naye. Usimwache peke yake karibu na maji, hata ya kina kifupi kwenye beseni. Chupa iliyowahi kuwa na dawa ya wadudu au mafuta ya taa haifai kuchezewa, hata ikioshwa.

Ukiona haya, nenda kliniki

Mpeleke, ukiwa na kadi yake, kama katika miezi 6 hageukii sauti wala hatabasamu. Akifika mwaka 1 haonyeshi kitu kwa kidole wala kupunga mkono. Miezi 18 hatembei. Miaka 2 haunganishi maneno mawili. Au wakati wowote akiacha jambo alilokuwa akiliweza. Usingoje kwa sababu umeambiwa baba yake naye alichelewa kusema. Omba apimwe masikio pia, kwani wapo watoto wanaoitwa wakaidi kumbe hawasikii.