Kabla ya kufungua Mistborn, tafuta daftari

Mistborn, mfululizo wa riwaya wa Brandon Sanderson wa Marekani, unaanza na vitabu vitatu: The Final Empire (2006), The Well of Ascension (2007) na The Hero of Ages (2008). Visome kwa mpangilio huo.

Uchawi wake ndio unaomtisha mgeni. Mwenye kipaji humeza chembe za metali, akaziunguza tumboni, na kila metali humpa nguvu yake. Usijisumbue kukariri. Chora jedwali, uziandike mbili mbili, metali na aloi yake, maana ndivyo zilivyopangwa. Chuma huvuta vitu vya metali, feleji huvisukuma. Bati hunoa macho na masikio, pyuta huutia mwili nguvu. Zinki huchochea hisia za watu, shaba ya manjano huzituliza. Shaba nyekundu humficha anayeunguza, bronzi humfichua. Nyingine ziongeze zikijitokeza.

Chuma na feleji zipe muda zaidi, kwani hapo ndipo ubunifu wa Sanderson unapong'aa. Ukisukuma kitu chepesi kuliko wewe, kinaruka. Ukisukuma kizito, unarushwa wewe. Tena nguvu hiyo hufuata mstari ulionyooka tu, haikati kona. Kwa hiyo Kelsier, mmoja wa wahusika wakuu, hudondosha sarafu, na ikishagota chini huisukuma, akapaa juu ya mapaa ya mji wa Luthadel. Sura anazomfundisha mwanafunzi wake Vin mambo haya zisome taratibu, hata mara mbili. Asiyezielewa ataona mapigano yote ya baadaye kuwa vurugu tupu.

Kila pambano linapokaribia, simama kidogo ujiulize: huyu amebakiwa na metali gani? Karibu yake kuna nini cha kuvuta au kusukuma? Metali ikimwishia, nguvu nazo zimekwisha. Mwaka 2007 Sanderson aliandika kanuni yake: uwezo wa mwandishi wa kutatua matatizo kwa uchawi hulingana na kadiri msomaji anavyouelewa uchawi huo. Maana yake, majibu huyapanda mapema. Mhusika akishangaa jambo kisha akaliacha bila maelezo, tia alama kwa penseli. Maneno mafupi yaliyo juu ya kila sura nayo usiyaruke. Maliza sura, kisha uyarudie.

Mhusika mwingine, Sazed, akianza kuhifadhi nguvu zake ndani ya metali ili azitumie baadaye, fungua ukurasa mpya. Huo ni uchawi mwingine, wenye sheria zake.

Kitabu cha pili kinakwenda polepole. Mji umezingirwa na majeshi, na mabishano ya siasa ni mengi. Vumilia, mimi nakiheshimu kwa hayo mabishano, na cha tatu hakieleweki bila hicho.

Intaneti iache kabisa hadi umalize. Kutafuta jina la mhusika mmoja tu kunaweza kukufichulia mwisho wote. Ukikwama, muulize aliyekwisha kuvisoma, na umwambie kwanza umefika sura ya ngapi.